Msiilipie Tena Kazi ya Msalaba

Ndugu zangu Wakristo, tarehe 1 Februari 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana wakikimbilia mafuta ya upako. Miaka mitatu baadaye, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, makaburi yalifukuliwa na miili ikazidi 400, ya watoto ikiwemo. Wengi walikuwa wamefunga hadi kufa, wameambiwa kwamba ndivyo watakavyomfikia Yesu. Msiwadharau. Huenda imani yao iliizidi yangu na yenu. Walikosa mtu wa kuwaambia kwamba Yesu alishawafikia.

Sisi hatujaingia msituni, lakini njia ya kwenda huko tunaijua. Biashara ikidorora, tunatafuta ni fungu la kumi la mwezi gani lililosahaulika. Mama asiyepata mtoto anaambiwa kuna mbegu hajaipanda. Mgonjwa asipopona, mkesha unaongezwa, na akifa tunanong'ona kwamba imani yake ilipungua. Waraka kwa Waebrania unasema makuhani wa kale walisimama kila siku wakirudia dhabihu zile zile, ila Kristo alitoa moja tu, kisha akaketi. Mtu huketi kazi ikiisha. Sisi bado tumesimama kwa nini?

Najua pingamizi lenu: mtu akiambiwa yote yamekamilika, atabweteka. Paulo aliliona swali hilo likija, akalijibu katika Warumi sura ya 6. Mimi nitawajibu kwa mfano wa watu wa huku kwetu. Uamsho uliochipuka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 ulienea Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika. Walioguswa waliamini kwamba damu ya Yesu imewatosha, basi wakaanza kwenda kwa majirani kukiri wizi na kurudisha mali za watu. Hawakurudisha ili wasamehewe. Walirudisha kwa kuwa wamesamehewa, na aibu haikuwa na nguvu tena juu yao.

Kisha ikaja mwaka 1952, hali ya hatari ikatangazwa Kenya. Katika nchi ya Wakikuyu, ndugu hao wa uamsho, walioitwa ahonoki, walikataa kiapo cha Mau Mau wakisema wameshakunywa damu ya Kristo, hawawezi kunywa nyingine. Wengi wao walikataa pia kushika silaha za serikali ya kikoloni, kwa hiyo kila upande uliwatilia shaka. Baadhi waliuawa. Unaweza kubishana na msimamo wao wa kisiasa, na Wakenya wamebishana sana, lakini huwezi kuuita uvivu. Mtu asiye na deni mbinguni ni vigumu kumtisha duniani.

Sitawafanya malaika. Baadaye baadhi yao walianza kupimana wokovu kwa nywele na mavazi, na neema ikageuka sheria mikononi mwa waliokuwa wameifurahia. Ndiyo maana wito wa kurudi msalabani hauzeeki.

Nawaomba wachungaji, hubirini msalaba kabla ya kutangaza mchango. Sadaka itolewe, maana paa la kanisa halijiezeki. Lakini atoe mtu mwenye shukrani, si mwenye hofu. Nawaomba wazee wa kanisa, marehemu aliyekuwa na malimbikizo ya ahadi azikwe kwa ibada ile ile anayopewa aliyelipa yote, na mjane wake asionyeshwe daftari. Nanyi wa jumuiya na vikundi vya maombi, mkienda kumwona mgonjwa, msimpekue dhambi zake. Mpikieni, waogesheni watoto wake, ombeni, mwondoke.

Na wewe unayesoma, ukiuziwa chupa ya baraka Jumapili hii, usifungue pochi kwanza. Muulize anayekuuzia, kwa adabu tu: ni kitu gani ambacho Yesu alikiacha nusu, hata ukimalizie wewe kwa pesa yangu?