Sauti ya Koko: tusifute kabla ya kusikiliza



Juma hili tunaandika juu ya kosa letu wenyewe. Hakuna aliyetuibia, hakuna aliyetudanganya. Tulifanya haraka, na haraka hiyo ilikaribia kutunyima sauti ya mama yetu.

Wengi wenu mnamkumbuka Koko aliyependa kukaa karibu na dirisha siku za kikao. Tulimwomba atusimulie maisha yake: nyimbo za kubembeleza watoto, majina ya ukoo wake, na namna alivyokimbia vita akiwa na watoto wanne, mmoja mgongoni. Alizungumza dakika 52. Tulimrekodi kwa simu ya Mama Katibu, na sauti ikakaa kwenye karte memwari ya simu ile.

Kesho yake tulipeleka karte kwenye kompyuta ili tuiweke ile sauti kwenye flashi ya chama. Badala ya kunakili, tulihamisha, maana yake ya kwanza ilifutwa. Umeme ulikuwa unacheza, tukaogopa utakatika, basi mstari ulipofika mwisho tukachomoa flashi mbiombio. Hatukusikiliza hata dakika moja. Jumamosi iliyofuata, karte ileile ikapiga video za ndoa mchana kutwa.

Majuma matatu baadaye Koko alitutoka. Binti yake mkubwa alikuja akatuambia: «Mama zangu, nipeni sauti ya mama, wajukuu waisikie kwenye kilio.» Tukachomeka flashi. Jina la faili lipo, tarehe ipo. Tulipobonyeza, kompyuta ikasema haiwezi kulifungua. Tukatazamana. Hatukuwa na neno la kumwambia mtoto wa marehemu.

Sauti ilienda wapi?

Kijana mmoja fundi wa simu ndiye aliyetusaidia kuelewa. Alitazama kwanza uzito wa faili. Sauti ya dakika 52 kwenye simu ile ilipaswa kuwa karibu megabaiti 50. Kwenye flashi zilikuwamo 30 tu. Kompyuta inaweza kuonyesha kwamba imemaliza huku bado inaandika kimyakimya. Ukichomoa wakati huo, yanayobaki hayafiki.

Lakini kama 30 zimefika, mbona hata mwanzo hausikiki? Fikirini daftari la akiba ambalo orodha ya wanachama imeandikwa kwenye ukurasa wa mwisho. Ukurasa huo ukichanika, hesabu zimo ndani, ila hujui ipi ni ya nani. Ndivyo zilivyo sauti nyingi za simu, zile ambazo jina lao linaishia na M4A au 3GP: orodha inayoonyesha kila kipande kiko wapi mara nyingi huandikwa mwishoni. Mwisho ukikosekana, simu inashindwa kusoma hata kilichopo. MP3 ni tofauti. Kila kipande kidogo kina kichwa chake, kwa hiyo MP3 iliyokatika kwa kawaida huimba hadi pale ilipokatika.

Alivyoitengeneza

Kwanza alinakili faili bovu na kufanya kazi kwenye nakala. Lile lenyewe hakuligusa.

Pili, alijaribu kutafuta sauti ya kwanza kwenye karte memwari kwa programu ya PhotoRec, ambayo hutafuta vitu vilivyofutwa. Kitu kikifutwa kwenye karte, kwa kawaida hakiondoki papo hapo. Nafasi yake tu inaruhusiwa kuandikwa upya. Kwa bahati mbaya video za ndoa zilikuwa zimeandikwa juu yake. Kama tungeiweka karte ile pembeni, huenda tungepata dakika zote 52.

Tatu, alituomba sauti nyingine nzima iliyorekodiwa na simu ileile, kwa mpango uleule. Tulikuwa na ya kikao cha mwezi uliotangulia, tukibishana juu ya viti vya kukodisha! Programu iitwayo untrunc iliitazama hiyo kama mfano, kisha ikatunga upya orodha iliyopotea. Jioni ya siku ya pili alituita. Koko alikohoa kidogo, akasema: «Mumeanza?» Mama Prezidanti alitoka nje kufuta machozi.

Tulipata dakika 31. Zile 21 za mwisho hazikuwahi kufika kwenye flashi, na hakuna programu inayoweza kuumba maneno ambayo hayakuandikwa. Safari ya vita imebaki, na nyimbo mbili. Majina ya ukoo yalikuwa mwishoni.

Tuliyokubaliana tangu siku ile

1. Tunanakili, hatuhamishi. Ya kwanza inabaki hadi nakala ihakikishwe.

2. Tunalinganisha uzito wa faili zote mbili. Kisha tunafungua nakala na kusikiliza mwanzo, katikati na mwisho.

3. Kabla ya kuchomoa flashi tunaiomba kompyuta iiachilie, na tunangoja jibu.

4. Sauti muhimu inakaa mahali patatu: kwenye simu, kwenye flashi ya chama, na kwa familia yenyewe. Tukiituma kwa WhatsApp, tunaituma kama dokima.

5. Faili likigoma, tunaacha kutumia karte au flashi ile siku hiyohiyo. Hakuna picha mpya, hakuna wimbo mpya. Na kompyuta ikiuliza kama iiformati, tunajibu hapana.

6. Tunajaribu kwanza njia rahisi: kuifungua kwa VLC, au kunakili upya kama ya kwanza bado ipo. Kubadilisha jina kutoka M4A kuwa MP3 hakutengenezi kitu.

7. Tukienda kwa fundi, tunampa nakala na sauti nyingine nzima ya simu ileile. Hatupeleki siri za familia kwa mtu tusiyemjua, wala kwenye intaneti kwa sababu tu wameandika kwamba ni bure.

Kwenye kilio wajukuu walisikia zile dakika 31. Mdogo wao alizunguka nyuma ya redio kumtafuta Koko.

Majina yaliyopotea hatukuyaacha hivyo. Binti watatu wa Koko na shemeji yake wamekaa nasi mara mbili. Mmoja anakumbuka majina manne, mwingine anamsahihisha, shemeji anaongeza la bibi ambaye hakuna aliyemjua. Tumerekodi, tumesikiliza hadi mwisho, tumeweka mahali patatu. Bado kuna majina mawili wanayobishania.

Na ninyi, wamama: nani kwenu ana sauti ya mzazi kwenye simu moja tu, yenye kioo kilichopasuka? Mlete simu hiyo kwenye kikao kijacho pamoja na flashi. Tutanakili pamoja, bila haraka.

Tukutane juma lijalo.