Sanduku la Darasa Letu

Mara nyingi katika ukurasa huu wazee husema juu ya vijana, na wasema kweli. Leo twaomba nafasi sisi wenyewe, tuliomaliza masomo ya sekondari hapa Goma mwaka 2021, tuikumbuke miaka yetu ya shule. Hatuandiki kwa kujisifu. Liko jambo moja tulilojifunza kwa aibu, nasi twataka wadogo zetu walijue kabla halijawafikia.

Wengi wetu tulizaliwa mwaka 2002 na 2003. Tarehe 17 Januari 2002 mlima Nyiragongo ulimwaga moto wake hata katikati ya mji, na kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu likaangamia. Mama zetu walikimbilia Gisenyi, wengine wakiwa na mimba zetu. Basi tulikua juu ya mawe yale meusi. Ukuta wa shule yetu ulijengwa kwa mawe hayo, na njia ya kwenda shule ilikuwa mawe hayo, makali kama wembe, hata kiatu cha mwanafunzi hakikumaliza mwaka.

Tuliingia darasa la kwanza mwaka 2009. Tulikuwa darasa la nne wakati M23 walipouteka mji, tarehe 20 Novemba 2012. Siku zile tulilala chini ya vitanda. Waliondoka mwanzo wa Desemba, nasi tukarudi darasani tukidhani mwalimu atatueleza habari za vita. Hakufanya hivyo. Aliandika tarehe ubaoni, akafungua kitabu, akasema, “Tulikuwa tumefika kwenye kugawanya.” Tulicheka wakati ule. Leo twafahamu ya kuwa alitufundisha jambo kubwa kuliko hesabu.

Tulipofika sekondari, taabu zilifuatana. Mwezi wa Julai 2019 ugonjwa wa Ebola uliingia Goma, na muhula ulipoanza tulinawa mikono kwa maji ya dawa mlangoni kabla ya kupanga mstari. Mwaka huohuo Serikali ilitangaza elimu ya msingi bila malipo. Wadogo zetu wakasoma bure, lakini sisi wa sekondari tuliendelea kulipa, na si mmoja tu aliyekaa nyumbani juma zima kwa kukosa karo. Machi 2020 shule zote za nchi zilifungwa kwa sababu ya Korona. Zilifungwa tena Desemba 2020, zikafunguliwa Februari 2021. Hivyo tulifika darasa la sita tukiwa na mapengo mengi, kama mtu aliyesoma kitabu chenye kurasa zilizochanwa.

Katika darasa hilo la sita tulikuwa wanafunzi 38. Tulikubaliana kuweka akiba ya pamoja, kila mtu faranga 500 kwa juma, ili siku ya kumaliza tupige picha moja nzuri, tunywe soda, na kununua poda ya kumwagiana kichwani siku ya matokeo, kama ilivyo desturi yetu. Sanduku letu lilikuwa kopo la maziwa ya unga. Mtunza fedha tulimchagua msichana mmoja, binti wa mama auzaye viazi sokoni, kwa kuwa alizoea kuhesabu. Naye alinunua daftari, akaandika kila jina na kila faranga, akisema, “Mali bila daftari huisha bila habari.”

Ikaja Jumamosi tarehe 22 Mei 2021, usiku wa kuamkia Pentekoste. Mbingu ikawa nyekundu upande wa Nyiragongo. Watu wakajaa barabarani na magodoro vichwani, chukudu zikabeba wazee na watoto, wengine wakielekea Gisenyi, wengine Sake. Asubuhi tuliambiwa moto umesimama upande wa Buhene, si mbali na uwanja wa ndege. Watu zaidi ya 30 walikufa, na nyumba maelfu ziliteketea. Wawili katika darasa letu hawakuwa tena na nyumba, wala kitanda, wala daftari. Ardhi ikaendelea kutetemeka, hata tarehe 27 Mei tukaamriwa kuhama mitaa mingi ya mji. Tulitawanyika Sake, Minova, Rutshuru na ng’ambo ya mpaka. Mtunza fedha wetu alitembea kwa miguu hadi Sake, mdogo wake mgongoni, na kopo letu likiwa limefungwa katika kitenge.

Tuliporudi mwezi wa Juni, mtihani wa Serikali ulikuwa mbele yetu. Ndipo akaja mtu mmoja, ambaye hatutamtaja wala kusema alikuwa nani, akatuambia ya kuwa darasa lenye akili hujitayarisha kwa njia mbili: kwa vitabu, na kwa mkono mtupu kutokuwa mtupu. Tukitoa fedha, alisema, wasimamizi watakuwa wapole. Wasomaji, hatutaficha: tulipopiga kura, wengi wetu tulikubali. Sababu tulizo nazo zilikuwa nzuri. Je, tulifunga shule sisi? Tuliwasha mlima sisi? Kwa nini tuadhibiwe kwa masomo ambayo hatukufundishwa?

Mtunza fedha alisikiliza mpaka mwisho. Kisha aliweka kopo na daftari juu ya meza, akasema, “Fedha ni zenu, siwezi kuwanyima. Lakini kila mmoja aje achukue sehemu yake mkononi mwangu, aandike hapa jina lake na kazi ambayo fedha yake itafanya, atie sahihi.”

Darasa likawa kimya. Jambo tulilokubali wote kwa kuinua mikono, hakuna aliyetaka kuliandika kwa mkono uleule. Nyuma kabisa walikaa wale wenzetu wawili, waliokuwa hawajamaliza kulipa gharama za kushiriki mtihani, na wala hawakuwa na tumaini la kuzimaliza. Tulikuwa tumewasahau. Mwishowe kijana mmoja alisimama, naye ndiye aliyepiga kelele kuliko wote wakati wa kura. Akaandika, “Kwa mtihani wa wenzetu,” akatia sahihi, akarudi kuketi bila kutazama mtu. Tukafuata mmoja mmoja. Watatu tu walichukua sehemu zao na kuandika, “Matumizi mengine.” Fedha zilitosha kwa wale wawili, zikabaki kidogo za kununulia kalamu.

Sasa msomaji atauliza: mlishinda wote? Hapana. Mmoja wa wale wawili alipata diploma, wa pili alishindwa, akaanza upya mwaka uliofuata. Kati ya wale watatu, wawili walifaulu. Miongoni mwetu tulioandika maneno mazuri katika daftari, wako walioshindwa, na nyumbani kwao hapakumwagwa poda. Twasema haya kwa kuwa si vyema kuwadanganya wanafunzi kwamba uaminifu hulipwa siku ya matokeo. Mara nyingine haulipwi.

Faida yake ni nini basi? Tulilifahamu vizuri zaidi tarehe 15 Juni 2025, Floribert Bwana Chui alipotangazwa Mwenye Heri huko Roma. Alikuwa kijana wa mji wetu huu, mfanyakazi wa ofisi ya Serikali ya kukagua bidhaa. Alikataa hongo ili chakula kilichooza kisipite mpakani na kuwadhuru watu, naye akauawa mwezi wa Julai 2007, akiwa na umri wa miaka 26. Hatujilinganishi naye hata kidogo. Lakini twajiuliza: mtu hujifunza wapi kuuza sahihi yake? Hajifunzi mpakani, mbele ya magunia. Hujifunza mapema, kwa faranga chache, akiwa na sababu nzuri, na rafiki zake wote wakiwa wameinua mikono.

Darasa letu limetawanyika. Mji ulipotekwa tena mwezi wa Januari 2025, baadhi yetu walihama, na wawili hawako tena duniani. Picha ile hatukuipiga kamwe, kwa maana fedha yake ilikwisha. Lililobaki ni daftari lile, na ndani yake sahihi 38, pamoja na za wale wawili tuliowazika.

Wazazi wapendwa, mtoto akiwaomba fedha ya mtihani, mwulizeni ni ya kazi gani. Nanyi wadogo zetu mnaoketi leo katika madawati yale, siku mtakapoombwa kuchanga, ombeni daftari kwanza. Jambo ambalo hamwezi kuliandika pamoja na majina yenu, msilifanye.

Sisi kaka na dada zenu,
Darasa la Sita, Goma, 2021