Senene tunawajua, marere je?

Wadau, hebu pita Kariakoo uulizie senene. Hutakosa wa kukuelekeza. Kisha ulizia marere. Nadhani watakushangaa tu.

Senene ni mdudu wa jamii moja na panzi, ila vipapasio vyake ni virefu kama nyuzi. Anaishi sehemu nyingi za Afrika, ingawa sisi tunamhusisha na Bukoba, anakoibuka kwa makundi mvua za Novemba na Desemba zinaponyesha.

Marere si mdudu wala si mmea. Ni kuvumwani, yaani kuvu na mwani vinavyoishi pamoja: kuvu hutoa nyumba, mwani hutengeneza chakula kwa mwanga wa jua. Jina lake la kisayansi, Roccella montagnei, ni la ile kuvu. Huota kama ndevu za kijivu kwenye miti ya pwani, mikoko ikiwemo, kuanzia kwetu hadi India.

Karne ya 19 marere yalisafirishwa kutoka Zanzibar kwenda Ulaya, yakatoa rangi ya zambarau ya kutia sufu. Mwaka 1856 Mwingereza William Perkin akapata zambarau ya maabara, na rangi za viwandani zikaua biashara ile. Bei ikafa, jina nalo likafifia. Na kumbe ile karatasi ya litimasi tuliyoichovya kwenye asidi tukiwa sekondari, asili yake ni rangi ya jamii hiyohiyo ya Roccella!

Kuna wanaosema kitu kikiwa na soko kitahifadhiwa. Mimi nabisha. Senene ana soko, lakini tunamvuna kwa mataa makali na mabati bila kujiuliza wanabaki wangapi wa kutaga mayai. Marere yalikuwa na soko pia, na lilipokufa hatukubaki hata na kumbukumbu. Soko hutoa bei, halitoi ulinzi. Senene anahitaji nyasi, marere yanahitaji miti na hewa safi.

Dunia nayo ina upendeleo wake. Orodha Nyekundu ya IUCN ina spishi zaidi ya 160,000, lakini kuvu zilizotathminiwa zilivuka 1,000 mwaka 2025 tu.

Tuanze na majina basi. Mwanafunzi anayefundishwa litimasi aambiwe na marere ni nini. Na sisi waandishi, mikoko ikikatwa, tuandike pia kilichokuwa kinaishi kwenye magome yake. Ni vigumu kutetea kitu usichokijua jina. Au mnasemaje?