Daftari la mpunga likienda kwenye 'wingu', nani ataweza kulirudisha?

WAHENGA walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo inafahamika vizuri katika bonde la Kilombero, ambako wakati wa mavuno ghala moja huweza kupokea magunia ya mpunga ya wakulima wengi, kila mmoja akiwa na idadi yake, deni lake la mbegu au la trekta, na siku aliyopanga kuuza. Daftari likilowa, likitafunwa na mchwa, au karani akiondoka nalo, ugomvi huanza hapo hapo, na mara nyingi anayeumia ni yule asiyekuwa na kikaratasi chochote mkononi.

Si ajabu basi kwamba mfanyabiashara wa Masagati anaposhauriwa kuhamishia hesabu zake kwenye mtandao, ushauri huo humwingia akilini. Huduma zenyewe wataalamu wameziita 'wingu', jina ambalo kwa kweli linapotosha. Hakuna kinachoelea angani. Hesabu za magunia huwekwa kwenye kompyuta kubwa za kampuni fulani, ndani ya jengo lenye ulinzi, umeme na viyoyozi, na mwenye mali huzifikia kwa simu au kompyuta yake kupitia intaneti. Jengo hilo linaweza kuwa Dar es Salaam. Linaweza pia kuwa Afrika Kusini, ambako Microsoft ilifungua vituo vyake mwaka 2019, Amazon ikafuata mwaka 2020 na Google mwaka 2024. Au likawa Ulaya.

Swali la kwanza ambalo wengi huuliza ni bei. Hapo ndipo makosa huanzia, kwa sababu bei ya kuingia karibu kila mara ni nafuu, na nyingine ni bure kabisa. Swali linalopaswa kutangulia ni la kutoka: siku mwenye ghala akitaka kuhama, atapewa vitabu vyake vyote, katika muundo ambao programu nyingine itaweza kuusoma? Kampuni ikijibu kwamba hesabu zinasomeka ndani ya programu yake tu, mteja ajue kwamba amekwisha fungwa. Miaka mitatu baadaye bei ikipanda atalipa tu, kwa kuwa madeni ya wakulima wake wote yako humo.

Swali la pili ni la mtandao kukatika, na kwa mtu wa Masagati hili halina mzaha. Kutoka Ifakara kwenda Mlimba na kuendelea mbele, masika huifanya barabara kuwa mtihani hata kwa gari kubwa, na mnara wa simu ukiharibika fundi naye hupita njia hiyo hiyo. Tatizo haliishii vijijini. Mei 12, 2024, mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilipata hitilafu, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana. Mwishoni mwa Oktoba 2025 intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Katika siku kama hizo mkulima aliyekuja kuchukua magunia yake hawezi kuambiwa asubiri hadi mtandao urudi, huku mgonjwa wake akimsubiri hospitali. Kwa hiyo programu inayofaa ni ile inayoendelea kuandika ndani ya simu wakati hakuna mtandao, kisha ikapeleka kumbukumbu mtandao ukirudi. Hilo lijaribiwe kwa vitendo: zima data, andika gunia kumi, washa tena, uone kama zote zimefika na kama hazikuandikwa mara mbili.

Lipo jambo jingine ambalo wauzaji wa huduma hizi hawapendi kulitaja. Jengo huungua. Machi 10, 2021, moto ulizuka katika kituo cha kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa, na jengo moja likateketea kabisa. Wapo wateja waliokuwa wamelipia nakala za akiba, kumbe nakala hizo nazo zilikuwa hapo hapo kituoni. Kama hayo yalitokea Ufaransa kwenye kampuni kubwa, mwenye ghala wa Kilombero ana kila sababu ya kuuliza nakala yake inakaa mji gani, na hata baada ya kujibiwa, kila Jumamosi achapishe au anakili hesabu za wiki na kuzifungia kabatini. Atazihitaji pia kwa ajili ya TRA, kwa kuwa sheria ya usimamizi wa kodi ya mwaka 2015 inamtaka mfanyabiashara atunze kumbukumbu kwa miaka mitano.

Kuhusu fedha, ieleweke kwamba kampuni nyingi za nje hutoza kwa dola, kwa kila mtumiaji, kila mwezi. Tuseme ni dola 10, na watumiaji ni watatu. Mwanzoni mwa mwaka 2024 dola moja ilikuwa karibu Sh2,500, hivyo malipo yalikuwa kama Sh75,000 kwa mwezi. Kabla mwaka haujaisha dola ilipita Sh2,700, na malipo yale yale yakawa zaidi ya Sh81,000, bila mpunga kupanda hata senti. Mbaya zaidi ni kusahau kulipa: akaunti hufungwa, na baada ya muda ulioandikwa kwenye mkataba vitabu vyaweza kufutwa. Mkataba usomwe, na kama ni wa Kiingereza atafutwe mtu wa kuusoma, mwalimu wa sekondari hata.

Lakini hasara iliyo karibu zaidi na Masagati haitoki Ufaransa wala kwenye dola. Inatokana na kijana wa dukani. Yeye ndiye ajuaye simu, yeye ndiye anayefungua akaunti, kwa namba yake na neno la siri lake. Siku akigombana na tajiri, au laini yake ikipotea, ghala zima linakuwa limefungiwa nje ya vitabu vyake. Akaunti iandikishwe kwa namba ya mwenye biashara, na neno la siri liandikwe kwenye karatasi itakayofungiwa pamoja na hati ya nyumba.

Vyama vya msingi vya ushirika vina mfumo wa Serikali uitwao MUVU, ulio chini ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika, hivyo hiari yao ni ndogo. Mfanyabiashara binafsi hujichagulia mwenyewe, lakini akumbuke kwamba majina na namba za simu za wakulima si mali yake peke yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamhusu, na ina masharti juu ya kuzipeleka taarifa hizo nje ya nchi.

Asiyeridhika na majibu ya maswali haya anaweza kuendelea na daftari lake la karatasi msimu mmoja zaidi, huku akiijaribu huduma mpya kwa ghala moja tu, pande zote mbili zikiandikwa sawasawa. Magunia yakitofautiana mwisho wa Julai, atajua kosa liko wapi kabla wakulima hawajaja kudai.