Vita Vikiingia Chunguni



Jumamosi moja asubuhi, katika mwalo wa Mwigobero mjini Musoma, nilimwona mama mmoja, mtoto mgongoni, akipimiwa dagaa kwa kopo. Alinunua makopo mawili, akazihesabu fedha zilizobaki, kisha akaongeza la tatu. "Unga wa muhogo ninao wa kutosha," alimwambia muuzaji, "lakini muhogo mtupu haumkuzi mtoto." Akatia dagaa wake kikapuni, akaenda zake.

Nimeyachukua maneno yale kuwa mlango wa mazungumzo yetu ya leo, kwa sababu yanaeleza jinsi vita vya wenyewe kwa wenyewe vinavyoua watu ambao hawajapata kushika bunduki.

Wahenga walisema kwamba wapiganapo tembo wawili, ziumiazo ni nyasi. Methali hii ni ya kweli, lakini kwa vita vya namna fulani haitoshi. Tembo wa methali huzikanyaga nyasi bila kukusudia. Iko mbinu nyingine, iitwayo vita vya jumla, ambamo nyasi ndizo hasa zinazolengwa. Jemadari anayeishika mbinu hiyo hujiuliza: jeshi la adui yangu linalishwa na nani? Jibu ni kwamba linalishwa na mkulima, na mvuvi, na mama apikaye. Basi huliacha jeshi, akaliendea shamba, ghala, kisima na njia ya kwendea sokoni.

Mbinu hiyo si ngeni. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, Jenerali William Sherman aliliongoza jeshi lake kutoka Atlanta hadi Savannah, Novemba na Desemba 1864, likichoma maghala, kung'oa reli na kuchukua mifugo njia nzima. Na hapa kwetu, wakati wa Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, wakoloni wa Kijerumani walipoona kwamba bunduki peke yake haziwavunji moyo wananchi wa kusini, walichoma vijiji na mazao na kuitwaa akiba ya chakula. Wanahistoria hukadiria kwamba walikufa watu kati ya 75,000 na 300,000. Wengi wao hawakuuawa na risasi, bali na njaa na maradhi yaliyoifuata.

Lakini mfano unaomhusu zaidi yule mama wa Mwigobero ni wa Nigeria. Baada ya mapinduzi mawili ya kijeshi ya mwaka 1966, na mauaji ya maelfu ya Waigbo waliokuwa wakiishi kaskazini mwa nchi hiyo, Jimbo la Mashariki chini ya Kanali Odumegwu Ojukwu lilijitangaza kuwa nchi huru ya Biafra tarehe 30 Mei, 1967. Vita vilianza Julai mwaka huo. Serikali ya Shirikisho ya Jenerali Yakubu Gowon iliizingira Biafra kwa nchi kavu na kwa bahari. Na ilipoitwaa Port Harcourt mwezi Mei 1968, Biafra haikubakiwa na bandari.

Sasa tazama jinsi mzingiro unavyofanya kazi chunguni. Waigbo walikuwa na viazi vikuu na mihogo yao. Lakini sehemu kubwa ya kitoweo chao ilitoka mbali: nyama ya ng'ombe kutoka kaskazini, na samaki wakavu walioletwa kwa meli kutoka Norway. Njia zilipofungwa, kilichokatika kwanza si chakula cha kushibisha tumbo, bali kile cha kujenga mwili. Mtoto aliendelea kula muhogo, na huku akila akavimba miguu na uso, nywele zikabadilika rangi, hamu ya kucheza ikamtoka. Hiyo ndiyo kwashakoo. Kisha, wakimbizi walipozidi kujazana katika eneo lililokuwa likipungua kila mwezi, hata muhogo ukawa haba.

Chakula cha msaada kiliingia usiku, kwa ndege za makanisa na za Msalaba Mwekundu, zilizotua katika kipande cha barabara huko Uli kilichogeuzwa kiwanja cha ndege. Tarehe 5 Juni, 1969, ndege ya Msalaba Mwekundu ilitunguliwa na ndege ya kivita ya Shirikisho. Wala viongozi wa Biafra hawakuwa bila lawama. Walikataa mapendekezo ya kupitisha chakula kwa barabara kutoka upande wa Shirikisho, na katika kiwanja kile kile cha Uli silaha zao nazo zilitua usiku. Hivyo watoto wenye njaa walikuwa silaha mkononi mwa upande mmoja, na ngao mkononi mwa upande wa pili.

Vita vilikwisha Januari 1970. Makadirio ya waliokufa huanzia watu 500,000 na kupita milioni mbili, wengi wao kwa njaa. Lakini je, njaa nayo ilikwisha siku ile? La hasha. Utafiti uliofanywa Enugu na kutolewa mwaka 2010 ulionyesha kwamba watu waliokuwa tumboni mwa mama zao au wachanga wakati wa njaa ile, walipofikia umri wa miaka arobaini hivi, walisumbuliwa zaidi na shinikizo la damu na kisukari kuliko waliozaliwa baada yake. Amri iliyotolewa na mkubwa wa jeshi ilikuwa bado inatekelezwa katika damu ya mtu mzima aliyezaliwa vitani.

Kutoka Musoma nilipanda basi hadi Bunda. Katika nchi ile ya pamba na ng'ombe, ukitaja mashudu kila mtu anajua usemalo: ni masalio ya mbegu zilizokwisha kukamuliwa mafuta, nayo ni chakula cha mifugo. Nikaikumbuka El Fasher, mji wa magharibi mwa Sudan. Nchi hiyo iliingia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe tarehe 15 Aprili, 2023, jeshi la taifa likipigana na Vikosi vya Msaada wa Haraka. Vikosi hivyo viliuzingira mji wa El Fasher kwa zaidi ya siku 500, hata vikauteka mwishoni mwa Oktoba 2025. Katika kambi ya wakimbizi ya Zamzam, jirani na mji huo, baa la njaa lilithibitishwa Agosti 2024. Ndani ya mzingiro, akina mama waliwapa watoto wao mashudu ya karanga. Na ilifika wakati hata hayo mashudu hayakupatikana. Kutoka Biafra hadi El Fasher ni zaidi ya nusu karne, na mbinu ni ile ile.

Mwisho wa safari yangu ulikuwa Butiama, huko Mwitongo, alikozikwa Mwalimu Julius Nyerere mwaka 1999. Tarehe 13 Aprili, 1968, siku aliyotimiza umri wa miaka 46, Tanzania ilitangaza kuitambua Biafra, ikiwa nchi ya kwanza duniani kufanya hivyo. Gabon, Ivory Coast na Zambia zilifuata mwezi Mei. Uamuzi huo haukuwa mwepesi kwa mtu aliyehubiri umoja wa Afrika, ambaye huko Cairo mwaka 1964 alikuwa ametetea kuheshimiwa kwa mipaka tuliyoachiwa na wakoloni. Hoja yake ilikuwa kwamba umoja husimama juu ya ridhaa ya watu wenyewe, na kwamba dola ipo kwa ajili ya kulinda uhai wa watu wake.

Wapo waliomlaumu, na lawama yao si ya kupuuzwa. Walisema kwamba tangazo lile liliwapa viongozi wa Biafra tumaini la kuendeleza vita wasivyoweza kuvishinda, na kwa hiyo liliirefusha njaa. Mazungumzo ya amani yaliyofanyika Kampala, ng'ambo ya ziwa hili letu, mwezi Mei 1968, yalivunjika bila mapatano. Hapana mtoto aliyeshibishwa na tangazo la Dar es Salaam. Hata hivyo, mimi naona kwamba swali lililoulizwa siku ile lilikuwa swali la haki: serikali inayowafungia chakula watoto inaodai kuwa ni wake, imebakiwa na dai gani juu yao? Swali hilo huwahusu waasi sawasawa na serikali.

Dunia nayo ilijifunza, japo kwa kuchelewa. Itifaki za nyongeza za Mikataba ya Geneva za mwaka 1977 zilipiga marufuku kuwafisha raia njaa kama mbinu ya vita, hata katika vita vya ndani ya nchi, na zikakataza kushambulia mashamba, mifugo, akiba za chakula na maji ya kunywa. El Fasher inatuonyesha kwamba sheria iliyoandikwa haijitekelezi yenyewe.

Na sisi tulio mbali na mizinga, tufanye nini? Tuanze na namna tunavyozisikiliza habari. Redio inaposema kwamba mji fulani "umebanwa" au kwamba adui "amekatiwa njia", aghalabu sebuleni hupatikana mtu wa kushangilia, kwa kuwa upande anaoupenda unashinda. Baba na mama, msiache shangwe hiyo ipite mbele ya watoto bila kuulizwa. Ulizeni: kitoweo cha mtoto wa mji ule kilikuwa kikipita njia gani, na sasa njia hiyo imefungwa na nani? Anayejibu swali hilo kwa unyofu hatapata wepesi tena wa kuita njaa ushindi, iwe imeletwa na rafiki au na adui.

Yule mama wa Mwigobero hakuhitaji itifaki kulijua hilo. Alizihesabu fedha zake, akaongeza kopo la tatu.

Tukutane Jumapili ijayo.