Orodha ya Vitabu Si Jibu la Malalamiko

Miaka michache iliyopita, katika nyumba ya kutunzia wazee nilikofanya kazi hapa Uingereza, sisi watu saba wa zamu ya usiku tulimwandikia meneja barua. Tulieleza kwamba watunzaji wawili hawawezi kuwageuza, kuwabadilisha nguo na kuwapa dawa wazee thelathini kabla ya mapambazuko. Jibu lilikuja baada ya wiki mbili: orodha ya vitabu vitano na podikasti tatu za kujiendeleza na uongozi kazini, ili tuwe wastahimilivu zaidi. Idadi ya watunzaji haikutajwa kabisa.

Tangu hapo nimeisoma fasihi hiyo kwa makini, na dai langu ni hili: ubaya wake mkubwa haumo katika mashauri inayoyatoa, bali katika kazi inayotumwa kuifanya. Hutumiwa kumtwisha mfanyakazi mzigo ulio wa mwajiri, kisha mzigo huo ukaitwa ukuaji wa nafsi.

Tuwe waadilifu. Dale Carnegie, katika kitabu chake cha 1936, How to Win Friends and Influence People, anatuasa tukumbuke majina ya watu. Stephen Covey, katika The 7 Habits of Highly Effective People cha 1989, anataka tuelewe kabla ya kutaka kueleweka. Nani atayapinga hayo? Lakini aliyetupendekezea Carnegie alikuwa amelikata jina langu likabaki silabi moja, kwa kuwa lote lilimchosha. Na aliyetupendekezea Covey hakutuuliza swali hata moja kuhusu barua yetu. Mganga hajigangi.

Hata asili ya fasihi hii imesahauliwa. Samuel Smiles alichapisha Self-Help mwaka 1859, na jina hilo limekuwa kama hirizi ya wanaosema kila mtu ajitegemee. Lakini katika dibaji yake anasimulia kwamba kitabu kilitokana na vijana wa kazi duni mjini Leeds waliokutana jioni kufundishana. Walipozidi kuwa wengi walikodi chumba kilichowahi kuwa hospitali ya muda ya wagonjwa wa kipindupindu, kisha wakamwomba aje azungumze nao. Hawakupelekewa orodha na bwana wao. Walianza kwa kukutana.

Mwaka mmoja kabla ya kitabu hicho, yaani 1858, Mwana Kupona binti Msham, akiwa mgonjwa, alimtungia bintiye utenzi wa wosia. Sidai kwamba wosia huo watufaa wote: utii anaotaka binti ampe mumewe umehojiwa, na kwa haki. Ninachokitazama ni uhusiano. Anayeshauri anajulikana, anasema akiwa katika hali gani, na anayeshauriwa ni damu yake. Binti akipotea, hasara ni ya mama pia. Meneja wetu alipotuma orodha ile hakuhasirika kitu.

Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir naye, katika Al-Inkishafi, anauhoji moyo wake mwenyewe kwanza, na kioo anachouwekea ni magofu ya wakubwa wa Pate. Hapo kujichunguza na kuyachunguza mamlaka ni jambo moja. Na ikiwa tunataka kitabu cha uongozi kazini, tunacho: Kusadikika cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1951. Wajumbe wanatumwa pande sita kutafuta maarifa ya kuifaa nchi. Kila anayerudi nayo anatiwa kifungoni. Aliyewahi kuandika barua ya malalamiko kazini ataitambua nchi hiyo bila kuonyeshwa ramani.

Lakini lawama nyingine ni yetu sisi wasomi. Tumeuhesabu wosia mizani, tumebishana juu ya miswada na lahaja, tukaona tumemaliza. Ni mara ngapi tumeusoma utenzi kama ushauri, pamoja na mtu mwenye tatizo mbele yetu? Tunalalamika kwamba vijana wetu wa London na Muscat wanasikiliza podikasti za Wamarekani njiani kwenda kazini. Tenzi zilitungwa kwa ajili ya sauti na masikio. Chombo hicho kilipaswa kuwa chetu kabla ya kuwa cha mtu mwingine. Tumekiacha kitupu, kisha tunamlaumu anayekijaza.

Kwa hiyo sisemi orodha zichomwe. Nasema zisipokelewe kama jibu. Anayepewa kitabu badala ya mtu wa tatu wa zamu akipokee kwa adabu, kisha aulize tena: mtu wa tatu anakuja lini? Na kitabu asikisome peke yake. Baada ya ile barua ya kwanza, wanne kati yetu tulianza kukutana Jumapili katika chumba cha nyuma cha msikiti wa mtaa wetu. Tulisoma kurasa kadhaa za Covey na kurasa kadhaa za Kusadikika, kisha tukaandika barua ya pili. Safari hii tulitia saini watu kumi na wanne, wa zamu zote mbili, na kila mmoja aliandika jina lake kamili.