Mirunda ya Shume na Haraka ya Sherehe

Kila mwaka inapokaribia Januari 12, siku ya kuadhimisha Mapinduzi ya 1964, pilikapilika za kukamilisha majengo ya umma huzidi katika visiwa vyetu. Skuli za ghorofa, hospitali na masoko hupangiwa siku ya kuzinduliwa, na siku hiyo ikishatangazwa ni taabu kuisogeza. Hatuna ugomvi na sherehe hizo, kwani wananchi wana haki ya kuonyeshwa matunda ya kodi yao. Tunalotaka kulizungumza ni jambo lisilotajwa katika hotuba za uzinduzi, nalo ni mbao na mirunda inayolibeba zege kabla halijaweza kujibeba lenyewe.

Wazee wetu waliezeka dari zao kwa boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliokuwa kipimo cha upana wa chumba. Zege limekiondoa kipimo hicho, lakini uzito haukuondoka. Sakafu ya ghorofa yenye unene wa sentimita 15 huwa na uzito wa kilo 360 hivi kwa kila mita moja ya mraba. Darasa la mita 6 kwa 8 basi ni zaidi ya tani 17, na mzigo wote huo, pamoja na mafundi wanaotembea juu yake, siku za mwanzo husimama juu ya miti mitupu.

Miti yenyewe tunaitegemea Bara. Kule Shume, katika milima ya Usambara wilayani Lushoto, liko shamba la serikali la paina na saiprasi. Biashara ya mbao huko si ya jana: kabla ya Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani walitandika njia ya kamba za chuma kutoka Mkumbara hadi Shume ili kuteremshia mierezi. Siku hizi mbao hushuka kwa malori kupitia Soni hadi Mombo. Ni mbao nzuri, wala hatukubaliani na wanaodai kwamba bila nguzo za chuma hapajengwi ghorofa. Mti ulionyooka, mkavu, uliosimamishwa juu ya ubao mpana na kufungwa kwa mikingamo, hufanya kazi yake barabara.

Ubaya uko katika haraka. Mti uliopasuliwa ungali na maji hupinda ukipigwa na jua la pwani. Misumari hulegea na uji wa saruji ukavuja. Mirunda mifupi huungwa miwili miwili kwa misumari na kusimamishwa juu ya udongo wa mvua. Kisha, kwa kuwa mbao ni chache na ghorofa ya pili inazisubiri, huvuliwa kabla ya wakati.

Zege hupimwa nguvu zake kamili kwa siku 28. Kwa boriti ndefu ya zege, desturi ya wahandisi wengi ni kuziacha nguzo mahali pake kwa majuma mawili hadi matatu. Hata hesabu hiyo ya siku haitoshi peke yake, maana hali ya hewa nayo ina kauli yake. Zege lililomwagwa Shume katika baridi ya Julai huchelewa kukomaa kuliko la Unguja, ingawa saruji ni ile ile. Huko Willow Island, Marekani, Aprili 27, 1978, jukwaa la mafundi lilifungwa kwenye zege la jana yake, ambalo baridi ilikuwa imelichelewesha. Watu 51 walikufa. Fengcheng, nchini China, Novemba 2016, mbao ziliondolewa mapema katika kazi iliyokuwa ikiharakishwa, na zaidi ya watu 70 wakapoteza maisha.

Tunawaomba wakuu wa idara zinazohusika wapange siku ya sherehe kwa kuhesabu kutoka siku ya mwisho ya kumwaga zege, badala ya kuhesabu kurudi nyuma kutoka siku ya mgeni rasmi. Gharama ya mbao na nguzo itajwe waziwazi katika zabuni, ili mkandarasi asijipatie faida kwa kuzibana. Aidha, kila sakafu iandikiwe tarehe yake ya kumwagwa mahali ambapo kila mpita njia ataisoma, na nguzo yoyote isiondolewe bila saini ya mhandisi.

Na iwapo Januari 12 itafika na mirunda ingali imesimama, mgeni rasmi na aletwe hivyo hivyo, aonyeshwe mirunda hiyo, na atajiwe siku itakayoondolewa.